Bangili za Anti Mkononi Mwangu

Juzi nilikuwa kwenye lifti ya jengo la ofisi pale Al Sadd. Nimekuja Doha kumsaidia Mama kufunga mizigo; amestaafu, na yote aliyoyakusanya tangu nikiwa mtoto lazima yaingie kwenye masanduku au yatupwe. Lifti niliipanda na mwanamke kijana wa Kihindi, suti ya kijivu, kitambulisho cha kazi shingoni, bangili za kioo mkononi. Tulipokaribia ghorofa yake alizisukuma bangili hadi karibu na kiwiko, akazibana kwa raba ya nywele ili zisilie, akavuta mkono wa koti juu yake. Kisha akatoka kimya, mtu wa ofisi kama wengine. Mimi nilisahau kushuka. Lifti ilinipeleka juu ikanirudisha chini, na mlango ulipofunguka nilikuwa nalia mbele ya mlinzi, kijana wa nyumbani Kenya, aliyeniuliza, "Siste, uko poa?" Nikamwambia niko poa. Ningeanzia wapi kumweleza?

Wewe una nafasi, kaa nikueleze. Mambo haya yalitokea nyuma ya maduka ya mtaa huohuo wa Al Sadd, kwenye vila kuukuu ambayo mwenye nyumba aliikatakata vyumba kwa mbao nyepesi mpaka zikaishi familia nne pamoja, jiko likiwa moja. Mama alikuwa muuguzi wa zamu za usiku. Baba alikuwa amebaki Nakuru, nasi tulimsikia kwa kadi ya simu kila Ijumaa tukitoka kanisani, maana huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko na hata makanisa husali siku hiyo. Chumba cha pili kutoka chetu alikaa Anti na mumewe. Anti alikuwa Mhindi wa Kisumu, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu hasa, cha kukemea na kucheka kwa pumzi moja. Aliolewa na mtu wa Gujarati aliyekuwa anafanya kazi Qatar, akaja huku, akakuta jikoni mwanamke anasonga ugali. Mama husema Anti alisimama mlangoni akasema, "Sista, na mimi nipee kidogo, hata kama ni ukoko." Tangu siku hiyo wakawa ndugu. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu aliye mbali, na ndugu zetu sote walikuwa mbali kweli.

Nikikumbuka jiko lile nasikia harufu kabla sijaona kitu: haradali ikipasuka kwenye mafuta ya moto, tangawizi ya chai, sukuma ya Mama iliyokuwa kwa kweli majani mengine tu yenye kufanana na sukuma. Juu ya friji kulikuwa na rafu ndogo ya miungu ya Anti, yenye ua moja na kijiti cha ubani. Kiangazi, maji ya tangi la juu ya paa yaliunguza hata ukifungua bomba la baridi, kwa hiyo tulizima hita na kuoga maji yake, kwa sababu ndani ya hita ndiko yalikopoa. Kiyoyozi kilinguruma mchana kutwa. Watoto hatukutoka nje mpaka jua lizame, na ninaposikia watu wakisema utoto ni uhuru huwa nacheka.

Lakini sauti ya nyumba ile ilikuwa bangili. Anti alizivaa nyekundu na za kijani, za kioo, mikono yote miwili, na kabla hujamwona ulijua yuko wapi na anafanya nini. Akikanda unga zililia kwa haraka, akichambua dengu zililia moja moja. Mama mkwe wake alipopiga simu kutoka Gujarati, neno la kwanza halikuwa salamu. Alitaka azisikie. Anti angesogeza mkono karibu na simu akautikisa, na kule mbali mama wa watu akaridhika kwamba mwanawe ni mzima. Kwao mke haachi mkono mtupu. Mkono mtupu ni wa mjane, na mke anayevua bangili bila sababu anamwita mauti nyumbani. Hivyo ndivyo mama mkwe alivyosema, na Anti aliyarudia maneno hayo kwa sauti ya kumwigiza kizee, akicheka, ila mkono mmoja ukishika bangili.

Anti alikuwa fundi wa maabara, hospitali moja na Mama. Kila asubuhi nilimtazama akijiandaa, maana ilikuwa kazi kubwa. Ule mkufu wa ndoa, wa shanga nyeusi zenye dhahabu katikati, aliubandika kifuani kwa plasta ya hospitali chini ya nguo. Kipini cha pua alikifunika kwa kipande cha plasta kidogo kama punje ya mchele. Pete za vidole vya miguu zilijificha ndani ya soksi. Bangili alizifunga kwa bendeji mpaka mkono ukaonekana umevunjika, kisha glavu juu. "Ona," aliniambia, "naenda kazi kama mwizi na mali yangu mwenyewe."

Kabla ya likizo ya kiangazi kile ninachokusimulia, maabara ikapata msimamizi mpya, na bendeji zikakatazwa. Kuanzia kiwiko kushuka, mkono uwe mtupu, uoshwe kwa sabuni. Hakuwa mtu mbaya, Mama mwenyewe alisema sheria ni ya haki, vijidudu hukaa chini ya bangili na wagonjwa ndio wanaoumia. Anti hakubisha. Alirudi nyumbani akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa jikoni, akaniangalia nikinywa chai.

"Sista," akamwambia Mama, "kama siwezi kuzivaa, basi zisilale mezani. Zikae kwa mkono. Nipee mkono ya huyu msichana."

Mama alisita. Alikuwa mtu wa kanisa, na aliogopa vitu vya dini ya wengine kwenye mwili wa mtoto wake. Alizunguka jikoni, akafunika sufuria lililokuwa limefunikwa tayari. Mwishowe akasema, "Ni bangili tu. Lakini Ijumaa haziendi kanisani." Ijumaa Anti alikuwa nyumbani, kwa hiyo halikuwa neno.

Basi kila asubuhi, kabla basi la wafanyakazi halijapiga honi, Anti alijipaka povu la sabuni kwanza, akazivua bangili za mkono wa kulia, zile za kushoto akaziachia rafu ya miungu izilinde. Za kulia ndizo zilizokuwa na uzito, alisema. Akaninyoosha mkono, akaziingiza, akapitisha uzi mwekundu ndani yake na kuufunga kwenye kifundo changu, maana mkono wangu ulikuwa kijiti na zingedondoka. Kisha akasema, "Usikae kama maiti. Tingisha. Zikilia, Mzee wangu yuko sawa."

Nami nilitikisa. Rafiki yangu, nilitikisa mpaka bega likauma. Mtoto ukimwambia jambo kama hilo huamini lote. Mumewe alikuwa kazini kwenye viwanda vya kaskazini, akirudi nyumbani Alhamisi jioni tu, na siku zote za katikati nilimbeba mimi. Nilichora nikitikisa, nilikula nikitikisa. Tatizo ni kwamba Mama alilala mchana. Siku za kwanza aligonga ukuta na kunifokea niache kelele. Nilikaa kitandani machozi yakinitoka, nikizitingisha chini ya mto, polepole, ili Mzee asife na Mama asiamke. Baada ya wiki kadhaa mambo yakageuka. Nikisinzia, Mama ndiye aliyeamka, akaita kutoka kitandani, "We! Mbona zimenyamaza?"

Alhamisi mlango ulipofunguka, mwanaume yule mrefu, mwenye vumbi la njia nzima kwenye nyusi, hakumsalimia mtu kabla yangu. Aliinama, akagusa bangili kwa kidole kimoja, akauliza kwa Kiswahili alichofundishwa na mkewe, "Mimi hai?" Mimi nikatikisa mkono na kumjibu, "Uko hai!" Naye akashusha pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeponea chupuchupu, akatoa mfukoni peremende zilizoyeyuka kwa joto. Anti alimkemea kwamba si jambo la mzaha. Mwishowe na yeye akacheka.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya wiki. Anti alirudi mapema, hajapata kurudi mapema hata siku moja. Nilikimbia nikamnyooshea mkono afungue uzi, kama kawaida.

"Hapana," akasema. "Kaa nazo kidogo."

Aliketi kwenye ndoo yake. Hakuvua viatu. Hakuweka chai. Nilipomwuliza kama ni mgonjwa alisema joto tu. Kisha akaniambia nioshe vyombo, na vyombo vilikuwa safi. Nikaviosha. Bangili ziligonga sinia, ziligonga vikombe, na kila nilipomaliza aliniambia, "Rudia. Vikombe havijatakata." Nilinung'unika moyoni. Niliviosha mpaka vidole vikakunjamana, na yeye amefumba macho, ameegemeza kichwa kwenye friji. Simu yake ililia mara nyingi mkobani. Alijua kuwa ni mama mkwe, maana alisema, "Asikie nini?" akaiacha ilie.

Jua lilipozama na adhana ikasikika kutoka msikiti wa kona, waliingia wanawake wa jumuiya yao, wamevaa meupe ya msiba, na nyuma yao wanaume wawili wa kazini kwa mumewe waliosimama nje bila kuvuka kizingiti. Ndipo nikaambiwa. Moyo ulimsimama kazini, wakati wa mapumziko ya mchana, amekaa na wenzake kivulini na chakula mbele yake. Hakuna aliyemkosea na hakuna aliyewahi kumwokoa. Nilipiga kelele kwamba si kweli, nikainua mkono na kuutikisa mbele yao wote ili wasikie wenyewe.

Anti akanishika mkono ukatulia. Fundo la uzi lilikuwa limekaza kwa maji, akalikata kwa meno. Alizitoa bangili moja baada ya nyingine, na badala ya kuziweka chini akaanza kuzivaa. Mwanamke mmoja, kijana, aliyevaa sare ya benki chini ya shali yake nyeupe, alimwambia kwamba siku hizi si lazima bangili za mjane zivunjwe, wengi wanaziweka tu kabatini na mambo yanaisha. Anti akasema kwa Kiswahili, na sijui alikuwa anamwambia nani, kwa sababu wanaojua Kiswahili mle tulikuwa mimi na Mama tu, "Nilizivua nikiwa bibi yake. Sasa wazivunje nikiwa nimevaa." Mikono ilikuwa imevimba, ikabidi sabuni. Mama ndiye aliyempaka povu. Kisha wakaugonga mkono wake kwenye ukingo wa sinki la jikoni. Kioo kililia kwa mara ya mwisho, kikaanguka ndani ya sinki pamoja na vikombe vyangu. Zile za kushoto wakazishusha kutoka rafuni, nazo wakazivunja.

Alirudi kazini baada ya siku za matanga. Asubuhi hakuwa na la kujiandaa. Alioga, akavaa, akaondoka. Sikuwahi kujua kwamba alikuwa na mikono myembamba namna ile. Mama alisema msimamizi, ambaye siku zile alikuwa likizo na hakuwa ameambiwa habari za msiba, alimwona kwenye karo la kunawia akamsifu mbele ya wenzake kwa kufuata sheria bila kukumbushwa. Anti akashukuru. Lisilobudi hutendwa, lakini hata sasa nikilikumbuka hilo natamani kutukana mtu, na sina wa kumtukana. Kabla kiangazi hakijaisha alihamia makazi ya wafanyakazi wanawake, kisha akarudi Kisumu, kisha namba yake ikaacha kuita. Ule uzi mwekundu niliuokota nikaufunga upya, nikakataza usikatwe tena. Ulikaa kwenye kifundo changu mpaka ukaoza wenyewe.

Jana nilikwenda kuitafuta vila. Nimeambiwa watu wake wote walihamishwa zamani, wengine mtaa wa Al Thumama, wengine makwao. Pale ilipokuwa sasa ni maegesho ya hoteli, chini lami, juu turubai la kivuli, na magari yanayong'aa. Nilijaribu kukisia jiko lilikuwa wapi. Nikasimama kati ya gari mbili mpaka mtumishi akaja kuniuliza tiketi.

Nilimsimulia Mama jioni tukifunga vyombo kwa magazeti. Nilimwambia habari za yule wa lifti, na jinsi siku ile nilivyoosheshwa vikombe safi kama adhabu. Mama akaacha kufunga. Akaniuliza kama kweli sijui.

"Sijui nini?"

"Simu ya kazini kwa mumewe ilikuja maabara saa saba mchana. Aliipokea mwenyewe. Alirudi nyumbani akijua."

Nikahesabu zile saa, kutoka saa saba hadi adhana ya magharibi, sinki moja, vikombe vilevile. Nikamwuliza Mama kwa nini Anti hakutuambia, kwa nini aliniacha niendelee kumtikisia mtu aliyekwisha kufa.

"Na mimi nilimwuliza," Mama akasema. "Akaniambia, 'Sista, mkono ya mtoto ilikuwa bado inasema yuko. Nilitaka kuwa bibi ya mtu mpaka jioni.'"

Mama akaendelea kufunga vikombe. Mimi nilichukua kimoja, nikakipeleka kwenye sinki, nikakiosha. Hakikutoa sauti yoyote.