Hodi katika chumba cha bibi harusi

Kwa heshima na taadhima, gazeti hili linawatangazia wasomaji wake kwamba limefika Ufaransa. Limefika kwa gari la shangazi yake mwandishi, na Ufaransa yenyewe iko nje kidogo ya Fort Worth, nyuma ya kituo cha mafuta.

Saa moja asubuhi, Annonciata Nabintu anasimama na ndoo mbele ya chumba namba nne, ambacho siku hizi ni chumba cha bibi harusi. Anagonga. "Hodi, mzee." Chumba ni kitupu. Anaingia.

Jumba hili lilijengwa na tajiri aliyehusudu nyumba za mashambani za Ufaransa. Baadaye watawa walilifanya shule. Kisha likawa makao ya wazee, na Annonciata, mzaliwa wa Bukavu, akawaosha na kuwalisha humo miaka kumi na mmoja. Tangu mwaka jana, 2018, ni ukumbi wa harusi. Yeye anafanya usafi, dola kumi kwa saa.

Bango la historia mlangoni linamtaja tajiri, watawa na harusi. Wazee hawamo.

"Mama, bibi harusi hawezi kujipaka poda mahali mtu alikufa," anasema meneja wake, Kezia, Mkenya. "Na hiyo hodi yako wachana nayo. Inatisha wageni."

Mwezi uliopita mwanamke mmoja alikuja na maua, akiulizia chumba alichofia baba yake. Kezia akatabasamu, akamwambia amepotea njia: hapa hapajawahi kuwa na makao ya wazee. Annonciata alikuwa hatua tatu nyuma yao, akipiga deki.

"Baba yake nilimufunga macho na hii mikono!" anasema, akikamua tambara kama shingo ya mtu. "Na miye nikanyamaza, juu ya kazi. Banazika bantu mara ya pili, na miye ninabapangusia sakafu. Non!"

Anachotaka ni mstari mmoja tu kwenye bango.

Jumamosi mstari ukaonekana, kwa herufi nyeusi za adabu: "Hapa waliishi wazee, na wengine walifia chumba cha bibi harusi." Mama wa bwana harusi aliusoma kwa sauti.

"Annonciata, toa vitu vyako," Kezia akasema.

 Annonciata alinigeukia mimi, mwandishi wenu. "Weye, mutoto wa gazeti. Toa mikono mu mufuko."

Nikaitoa. Rangi ilikuwa mpaka kwenye kucha.

"Ni mimi, Bi Kezia," nikasema. "Yeye hakujua."

Kezia akamtupia Annonciata tambara. "Basi futa, mama, ubaki na kazi yako."

"Sifute. Yule mama wa maua aliacha namba mu kitabu ya bageni. Nitamupigia aje asome kwanza. Na nitamufungulia mulango miye mwenyewe."

"Jumatatu nisione hiyo kitu!"

Annonciata ana mpango wa kuupigania mstari huo hadi hiyo Jumatatu. Mwandishi wenu anaungama lililobaki: rangi ile haifutiki. Nilisoma maelezo ya kopo dukani, kabla ya kulipa.