Gari Lililozimika Likipata Moto

Gereji nzima walimwita Mita, kwa sababu kipimo cha umeme hakikumtoka shingoni tangu asubuhi mpaka kufunga kazi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno machache. Ufundi aliurithi kwa baba yake, na kipigo pia. Marehemu alifundisha kwa kipande cha waya mnene: ukiunganisha vibaya, mgongo unalipa. Mara nyingi aliyechapwa ni kaka yake, maana alijitwisha makosa ya mdogo wake. "Ni mimi, baba," alikuwa akisema, shati ameshalivua.

Ndiyo maana, baba alipofariki na gereji ikawa mikononi mwa kaka, Mita alivumilia mengi. Alirushiwa spana, akainama. Alizabwa kibao mbele ya wateja, akafuta damu puani na kurudi chini ya boneti.

Siku moja Mwalimu, mzee mstaafu, alirudisha gari lake. Lilikuwa la zamani kuliko mafundi wote pale, lakini halikuwa la kabureta. Petroli yake ilipulizwa na nozeli zinazofunguliwa kwa umeme. Likiwa baridi lilikwenda vizuri. Likipata moto, linazimika ghafla. Juma lililopita lilizimika katikati ya makutano, lori likalikwangua ubavu mzima, na mke wa Mwalimu akavunjika mbavu mbili. Kaka alikuwa ameshabadilisha pampu ya petroli mara mbili.

"Pampu za siku hizi takataka tupu," alisema tena.

Mwalimu alimgeukia Mita. "Mwanangu, hebu liangalie wewe."

Kaka akakunja uso.

Mita aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akaingiza ncha za kipimo kwenye soketi ya nozeli. Umeme ulikuwepo. Kisha akaushika mkanda wa nyaya nyuma ya injini, akautikisa kidogo tu. Injini ikakata. Akawasha, akatikisa, ikakata tena. Akachomeka kwenye umeme chuma cha kuunganishia nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa, akakiweka juu ya benchi ili kipate moto wakati anafungua utepe mweusi. Ndani, plastiki ya nyaya ilikuwa imekauka na kumeguka kama ganda la yai. Waya wa hasi wa nozeli zote ulikuwa umekatwa, ukasokotwa kwa mkono bila risasi, na ncha yake ikafungwa kwenye bodi juu ya rangi mpya, isiyopitisha umeme vizuri. Injini ikipata moto msokoto unalegea, umeme unakosa njia ya kurudi, nozeli zinafunga zote kwa pamoja.

"Nani aliufunga hivi?" Mwalimu aliuliza.

Mita aliujua mkono ule. Angeweza kusema sijui. Akafikiria mbavu za yule mama.

"Kaka," alisema. "Aliukata alipolipaka gari rangi."

Spana ya magurudumu ilimpata begani kabla hajanyanyua kichwa. Pigo la pili alilikinga kwa mkono wa kushoto, akausikia mfupa ukivunjika. Akaanguka, akaburuza benchi na kila kilichokuwa juu yake. Kaka akamkalia kifuani, akamkaba koo kwa mikono miwili.

"Unaniumbua! Mimi niliyechapwa kwa ajili yako!"

Macho yakaanza kuingia giza. Mkono wa kulia ukapapasa sakafuni, ukakutana na kile chuma cha moto. Mita akakisukuma kwenye shavu la kaka yake, akakigandamiza mpaka mikono ile ikamwachia. Harufu ya nyama iliyoungua ikachanganyika na petroli. Mwalimu na fundi bodi mmoja wa gereji wakamvuta kaka pembeni, naye akakaa akilia kwa sauti ambayo Mita hakuwahi kuisikia hata utotoni.

Kaka alifungwa miezi minane. Gari lilitengenezwa siku ya tatu baada ya ugomvi ule: Mita, mkono ukiwa kwenye plasta, alichoma risasi huku Mwalimu akimshikia waya, kisha akakwangua rangi pale ncha inapofungwa mpaka chuma kikang'aa. Halijazimika tena.

Sasa Mita ana gereji yake upande wa pili wa barabara, na vidole viwili vya kushoto havinyooki. Kaka alipotoka jela hakupita kumsalimia.

Mama yao aliuliza mara moja tu, akikunja nguo. "Ulilazimika kumtaja?"

"Ndiyo, mama."

Mama akachukua shati lingine, akalikunja taratibu.