Hadithi za Mchana Humpoteza Mama

Nilipokuwa mtoto, nilipenda kutishwa kuliko nilivyopenda wali wa sikukuu. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu, na kwenye vibanda vya magazeti yakatokea magazeti mapya ya watu binafsi, kila moja na hadithi yake ya mizimu, majini au maiti waliorudi nyumbani. Mama alikuwa akiuza mitumba kwenye minada ya huko Kondoa, na kila aliporudi hakukosa kuniletea moja. Yeye hakupenda kusoma. Alisema analea mchawi, akacheka, akanipa.

Tuliishi Mkonze kwa bibi, mama yake mama, katika nyumba ya tembe: kuta za udongo, paa bapa la udongo, na ndani giza hata mchana kweupe. Bibi hakujua kusoma. Alipogundua kwamba makaratasi yale yana hadithi alifurahi kuliko mimi, ila akaweka sharti moja.

"Hadithi ni ya usiku. Ukiisimulia mchana, mama yako atapotea njiani."

"Hii si ya kusimulia, bibi. Ni ya kusoma."

"Kwani mdomo hufungui?"

Lakini wapenzi wa hadithi hawakosi ujanja, na ujanja wenyewe aliuleta bibi. Mchana tuliingia chumba cha ndani, tukashusha gunia lililokuwa pazia la mlango, tukawasha koroboi, na bibi akatangaza kwamba usiku umeingia. Nje kuku walikuwa wakiparura na majirani wakipiga soga. Sisi tulikuwa gizani na bwana harusi aliyekula amegeukia ukuta.

Hiyo ndiyo hadithi iliyotuponza. Mke wa bwana yule hakuwahi kumwona akitafuna. Kila jioni alimpakulia, bwana akageuka, sahani ikarudi tupu. Mwishowe mke akaazima kioo kwa jirani, akakitundika ukutani. Nilisoma polepole kwa makusudi, maana bibi akiogopa alinishika kifundo cha mguu, nami nilipenda kushikwa.

Tulipofika pale mke anapopakua chakula, koroboi ikazimika. Mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha, na siku ile dukani hayakuwepo. Mama alikuwa ameenda mnadani tangu jana yake. Bibi akapapasa gizani, akaliinua lile gunia.

"Soma hapo mlangoni. Kidogo tu."

"Na mama je?"

"Soma haraka."

Nikasoma mistari michache, jua la utosi likiwaka juu ya karatasi. Bwana akageukia ukuta, mke akainua macho kwenye kioo. Hapo bibi akanipokonya gazeti. "Basi! Basi, imetosha."

Mama alitarajiwa kurudi jioni ile. Hakuja. Usiku mvua za kwanza zikanyesha, kesho yake kukacha, kukachwa, hakuja. Waliopita walisema makorongo yamejaa na magari yamekwama. Bibi aliwaitikia kwa adabu, lakini yeye alikuwa na maelezo yake. Aliacha kumenya karanga za mbegu, akawa anatoka barabarani kila liliposikika lori. Mimi nilimfuata mbio. Nilikuwa nimejiona bingwa wa hofu, kumbe hofu niliyoizoea ilikuwa na sukari ndani yake. Hii haikuwa nayo.

"Wewe huna kosa," bibi aliniambia. "Pazia nililifungua mimi."

Mama alifika siku iliyofuata, jua likielekea kuzama, mzigo wa nguo umelowa kichwani, matope hadi magotini. Alisema huko mvua ilitangulia kunyesha, dereva akakwepa korongo lililojaa, akaingia porini, wakapotea.

"Mlipotea lini?" bibi akauliza.

"Juzi."

"Mchana au usiku?"

"Mchana, mama. Jua la utosi."

Bibi alinitazama juu ya chungu cha uji. Mama hakuambiwa kamwe. Akaoga, akala, akajinyoosha mkekani. Giza lilipoingia, bibi akaleta mafuta aliyoyaomba kwa jirani, akawasha koroboi, akaketi ubavuni kwangu na uso wa mtu asiye na hatia.

"Sasa ni usiku. Nimalizie."

Kwenye kioo, chakula kilikuwa kinapungua sahanini, na mdomo wa bwana haukufunguka hata mara moja. Bibi alisema alijua tangu mwanzo. Kando yetu mama alikuwa anakoroma, nami sijawahi kutishwa vizuri kama nilivyotishwa usiku ule.

Korongo ni korongo. Nimesoma, nafanya kazi ofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali, najua kinachopoteza lori wakati wa mvua. Hata hivyo, miaka yote hiyo, hata baada ya bibi kututoka, sikufungua hadithi ya kutisha kabla ya jua kuzama. Wenzangu ofisini walisoma za kwao kwenye simu wakati wa chakula cha mchana, wakaniita nisome nao. Niliwaambia macho yangu hayapatani na mwanga.

Mama alifariki mwaka jana, kitandani kwake, si njiani. Baada ya matanga, Jumamosi moja, nilichukua riwaya mpya yenye kaburi kwenye jalada, nikaketi uani adhuhuri, nikaisoma kwa sauti. Ilikuwa hadithi nzuri, imepangwa vizuri, na maiti wake walifufuka kwa wakati. Haikunitisha hata kidogo. Nilisubiri, nikafungua ukurasa mwingine, nikasubiri tena. Jua lilikuwa la utosi, na huko barabarani sikuwa tena na mtu wa kupotea.