Pikapu Ilibanduka Mbele ya Mama

Leo pikapu yangu imebanduka katikati ya wimbo, na nashukuru ilibanduka.

Si gari, jamani. Ni kile kidude kinachopeleka sauti ya ukulele kwenye spika.

Wazazi wangu walioana Mutsamudu miaka ile ya mapinduzi, punde baada ya uhuru, harusi kubwa zilipopigwa marufuku. Hakuna aliyewapigia hata ngoma. Basi leo alasiri, hapa Moroni, kikundi chetu kiliwapigia nyimbo za harusi ukumbini, mbele ya wageni.

Pikapu ya sumaku haikunifaa, maana inataka nyuzi za chuma na zangu ni za nailoni. Ya kufunga ndani ilitaka mbao itobolewe, nikaogopa. Nikanunua ya kubandika pale sokoni Volo Volo.

Ubeti wa pili, ikadondoka.

Spika ikanyamaza. Ngoma na fidla zikanimeza. Nilitamani ardhi ipasuke.

Halima, mpiga fidla wetu, akaniona. Akashusha upinde. Wapiga ngoma nao wakaacha, bila kuambiwa. Nikabaki peke yangu na nyuzi nne, na ukumbi mzima umetulia unanisikiliza.

Ndipo Mama akaanza kuimba. Baba akamfuata, ingawa nusu ya maneno kayasahau.

Wapigaji mlioko huku, niambieni: ya kubandika mnaishikiza kwa kitu gani?

Na ninyi wenzangu wa leo, asanteni sana. Wageni walipoondoka, Mama alinishika mkono, akasema taratibu, "Mwanangu, sasa nimeolewa."