Jeanine Afundisha Kuchagua

Jeanine, Mkongomani anayeuza vitenge sokoni Kakuma, alitoka darasa la Kiingereza kichwa kimemvimba. Kutwa nzima aliwakomesha wateja kwa maneno mapya ya kuchagua: pick hiki, choose kile, select upesi. Akaja Lomunokol, mfugaji Mturkana aliyepapasa vitenge kila siku ya soko na kuondoka mikono mitupu. Uvumilivu ukamshinda Jeanine.

“Ndugu, una-pick, una-select, una-choose. Lini uta-decide?”

“Nili-decide zamani,” Lomunokol akasema polepole. “Nilikuwa nangoja wajomba wakusanye mbuzi wa mahari yako.”

Jeanine akachungulia nje. Mbuzi walijaa njia nzima, mmoja ameshaanza kutafuna kitenge.

Kiingereza chote kikamtoka kichwani, Kifaransa kikafuata.

“Ejok,” Jeanine akajibu kwa Kiturkana, yaani ni vyema, akacheka mpaka akakaa chini.