Kondoo Niliyempa Yaya

Sitajitetea. Kosa ni langu, na jina langu silitaji kwa sababu mimi ni mwoga. Mkitaka kunidharau, karibuni, ila mmechelewa. Mimi mwenyewe nilianza zamani.

Ninaishi katika kijiji kimoja cha tambarare ya Ruzizi, kando ya barabara ya Uvira kwenda Bukavu. Nalima mpunga, nafuga kondoo, na kanisani nakaa benchi la mbele. Lo, lile benchi! Ukilikalia muda mrefu unaanza kuamini kwamba Mungu anakuomba ushauri.

Kondoo wangu mmoja, jike mwenye mimba, alianza kujikuna. Si kujikuna kwa kawaida, ndugu zangu! Alijisugua kwenye ukuta wa jiko mpaka manyoya ya ubavuni yakaisha na damu ikatoka. Akitembea, miguu ya nyuma inayumba. Ukimkwaruza mgongoni, anatafunatafuna hewa kama mlevi.

Nikamwita veterineri kutoka Uvira. Akaja kijana mwenye viatu vinavyong'aa, nami nikamdharau kabla hajashuka kwenye pikipiki.

"Mzee, bila laboratware siwezi kuapa," akasema. "Lakini hii inafanana na ile Bafaransa banaita tremblante. Ni ugonjwa ya mu bongo. Haina sindano, haina dawa. Uiue, uizike yote. Usiache izalie mu zingine, juu ile kondo ya nyuma, ile inatokaka na mutoto, njo inaambukiza kondoo na mbuzi."

"Mbona zingine ziko muzima?"

"Inakawiaka. Inaweza kukaa myaka mu mwili bila kuonekana."

Nikacheka! Ugonjwa wa miaka usioonekana! Nikamwambia arudi shule akadai karo yake. Mjinga mimi, nilijiona nimesema neno la maana.

Siku chache baadaye Yaya akashuka kutoka milimani. Yaya ni dada yangu mkubwa, mjane, ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu alipofariki. Vita vilimkimbiza, na mbuzi wake wote wakaliwa na wenye bunduki. Kwetu, mtu akirudi mikono mitupu, jamaa na majirani humpa jike la kuanzia, kila mmoja kwa uwezo wake. Anayetoa jike mwenye mimba hupigiwa vigelegele.

Mmeshajua nilichofanya.

Nilimfunga kondoo yule kitenge kipya mgongoni kuficha upara, nikamkokota mpaka mbele ya watu. Vigelegele! Mchungaji akasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Na watu wale nao! Walitazama tumbo, hakuna hata mmoja aliyetazama miguu. Wafugaji gani hao? Lakini wao walikuwa vipofu tu. Mimi nilikuwa naona.

Kondoo akazalia katika zizi la Yaya, juu ya majani waliyolalia mbuzi aliopewa na wengine. Haukupita muda akaanguka, akafa. Nikamwambia Yaya kwamba ni uzazi mbaya. Akanishukuru hata hivyo!

Miaka ikapita, zizi likajaa. Yaya akaanza kupumua, akawagawia majirani mbuzi wadogo kwa shukrani. Ndipo mbuzi wakaanza kujikuna. Mmoja, halafu mwingine, kwake na kwa wale aliowagawia. Walikonda huku wanakula. Wakatetemeka, wakayumba, wakafa.

Kijiji chetu hakijui dalili ya ugonjwa wowote, lakini uchawi kinauona hata ndani ya sahani tupu.

"Uyu mama ni mulozi," jirani mmoja alisema mbele ya wote. "Vita iliua bengine, yeye ilimuacha juu ya nini? Kila kintu anagusa inatetemeka!"

Mimi nikaombwa kuongoza maombi ya kufukuza pepo katika zizi la dada yangu. Nikaongoza! Nilipaza sauti, nikatoka jasho, nikamkemea shetani mpaka koo likakauka. Yaya alisimama mlangoni ananitazama, anangoja ndugu yake aseme neno moja tu. Sikulisema. Kikulacho ki nguoni mwako.

Walibomoa zizi, wakamfukuza. Sasa anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, huko Uvira, mzee yule, juani.

Juzi nilimfuata. Nikamweleza yote, kuanzia maneno ya yule veterineri. Nilitegemea matusi. Nilitaka matusi! Yeye akaendelea kupanga mafungu ya ndagala.

"Bale bantu umeisha kubaambia?" akaniuliza.

"Bado, Yaya. Nilitaka nianze kwako."

"Basi weye haukukuja kuungama, mudogo yangu. Umekuja kupumzika. Minye sina kiti ya kukupatia. Enda useme kule kwenye jina yangu ilifia."

Akamgeukia mteja. Nikarudi nyumbani, nikanyamaza tena, kwa sababu heshima ya kijiji ni tamu hata ikiwa imeoza.

Ninyi mnaofuga, sikieni. Mnyama akijisugua mpaka damu na miguu ikayumba, msimwuze, msimtoe zawadi, msimpeleke kwenye mahari. Itani veterineri, hata kama viatu vyake vinawaudhi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilificha maradhi na kifo kikamuumbua mwingine.

Sasa pale lilipokuwa zizi la Yaya, kijana mmoja amejenga lake. Yule veterineri nilimtafuta tena, akaniambia ugonjwa huu unaweza kubaki udongoni miaka na miaka. Na tangu mwezi jana mbuzi wa kijana huyo wanajikuna. Anaishi na mama mkwe wake, bibi asiyesikia vizuri, na watu wameshaanza kuvuka barabara wakimwona. Jumapili iliyopita walinijia wakitaka maombi.

Yeyote wa kijiji chetu anayesoma hapa atajua namsema nani. Mwacheni bibi yule! Hajafanya lolote. Aliyeleta ugonjwa ni mimi, na Jumapili hii, wakinipa nafasi ya kuomba, nitasema hivyo hivyo mbele yenu. Nisiposema, nifukuzeni mimi.