Niliung'oa Mpira wa Mkojo Siku ya Ndoa ya Binti Yangu

Kosa ni langu. Msinionee huruma, maana nikijifikiria nataka kujipiga makofi mwenyewe!

Mimi ni bawabu wa hoteli moja Diani. Nilianguka na pikipiki, nikaumia katikati ya mapaja, njia ya mkojo ikafanya kovu na kuziba. Chooni nilikuwa nakamua tone moja moja huku machozi yanitoka. Daktari akanipasua, akachuna ngozi nyuma ya sikio langu na kuipandikiza huko ndani ili njia ipanuke. Akaniwekea mpira wa mkojo na mfuko wake, akanionya nisiuguse mpaka ngozi ishike, atautoa mwenyewe.

Ngozi ilikuwa bado mbichi siku ya ndoa ya binti yangu wa kwanza. Msikiti wa kwetu Mwabungo, mimi ndiye walii, baba wa kumwoza. Nikavaa kanzu, nikauona mfuko umetuna ubavuni. Hasira zikanipanda!

“Nautoa huu, siingii msikitini bila udhu, na mkojo ubavuni,” nikamwambia mke wangu.

“Baba watoto, wallahi usiuguse! Muulize sheikh kwanza.”

“Nikamuulize sheikh mambo ya tupu yangu? Una wazimu wewe!”

Nikajifungia bafuni, nikauvuta kwa nguvu. Mjinga mimi! Sikujua kwamba mpira ule hushikiliwa ndani ya kibofu na kiputo cha maji. Kikapita kikichana kila kitu. Nilipiga ukelele, wapishi wa pilau wakaacha masufuria. Kanzu yote damu!

Nikakimbizwa hospitali kwa tuk-tuk. Binti yangu akaozwa na ami yake, na mimi babake ni hai!

Ngozi yote ilichanika. Sasa nakojoa kwa mpira uliopitishwa tumboni. Daktari alinifokea, na alikuwa na haki. Atajaribu tena kwa ngozi ya sikio la pili, lakini ahadi hakunipa.

Sheikh alikuja kunitazama. “Walii hahitaji udhu kumwoza bintiye,” akasema. “Ungekaa barazani nje ya msikiti na mfuko wako, tungekufuata hapo hapo.”

Barazani! Nililia kwa hasira mbele yake.

Binti yangu hajanionyesha picha hata moja ya siku ile, nami sina uso wa kumwomba.

Nisisingizie dini. Ilikuwa kibri na haya ya kipumbavu! Wanaume wenzangu mnaoficha maradhi ya huko chini, ulizeni, jamani! Ulizeni mapema, au binti zenu wataozwa na wengine nanyi mmelala hospitalini kama mimi!